Kutunza Datsun 240Z: mwongozo kamili kwa anayelitengeneza mwenyewe

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki kwa Datsun 240Z, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akawafuata wa pili kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1973 Mehta alishinda mwenyewe, akisomewa njia na Lofty Drews, baada ya kulingana kwa alama za adhabu na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Tangu hapo hakuna mpenzi wa magari huku kwetu anayehitaji kuelezwa Z, gari hili la michezo la Nissan, ni nini.

Matope na makorongo ya Safari hayakuliua gari hili. Yanayoliua leo ni matatu: kutu, joto, na haraka ya mwenye gari anayefungua kabureta siku ya kwanza. Mwongozo huu unafuata mpangilio mmoja: bodi, breki, maji, tapeti, moto (umeme wa plagi), halafu petroli. Ukiruka hatua moja, utairudia kazi yote. Mengi ya humu yanawafaa pia wenye Datsun 1600, 160J au 260Z, maana injini ni za ukoo mmoja.

Lifahamu gari lenyewe

240Z ilitengenezwa kuanzia mwishoni mwa 1969 hadi 1973. Injini yake ni L24: silinda 6 kwa mstari, sentimita za ujazo 2393, bloku ya chuma, silinda hedi ya aluminiamu, kemshafti moja ya juu inayozungushwa kwa cheni, na kabureta mbili za Hitachi zilizoundwa kwa mtindo wa SU wa Uingereza. Gari lote lina uzito wa tani moja na kidogo. Breki za mbele ni za diski, za nyuma ni za dramu. Suspensheni ni ya kujitegemea magurudumu yote manne.

Namba ya chesisi itakuambia mengi kabla hujauliza bei. HS30 ni 240Z yenye usukani wa kulia, ndiyo iliyouzwa Kenya, Uingereza na Australia. HLS30 ni ya usukani wa kushoto, na nyingi zilikwenda Marekani. S30 peke yake ni Fairlady Z ya Japani yenye injini ya lita 2, kwa sababu kodi ya Japani iliwabana wenye injini zaidi ya hapo. Ukiona HLS30 ina usukani wa kulia, mtu amelihamisha. Kagua kazi ile kwa macho makali, hasa mahali raki ya usukani ilipofungwa.

Usishtuke ukikuta injini ya L28 humo ndani. Ni ndugu mkubwa wa L24, inaingia bila kukata kitu, na kwa anayetaka kuendesha kuliko kuonyesha sioni ubaya wake. Bei tu ndiyo ishuke.

Neno moja kwa walioko Kenya: sheria hairuhusu kuingiza gari lililotumika likishapita miaka 8. Kabla ya kutuma hata senti Japani au Uingereza, muulize wakala wa forodha kama gari la kumbukumbu lina njia yake. Njia rahisi ni kulitafuta lililopo nchini tayari, hata kama limelala chini ya mwembe.

Bodi kwanza, na sumaku mkononi

Injini ya L24 unaweza kuifufua kwa wiki chache. Bodi iliyooza itakula akiba ya miaka. Kwa hiyo nenda kulikagua gari ukiwa na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, tochi, bisibisi butu na nguo za kulalia chini.

Sumaku iteleze taratibu. Inaposhika ni bati. Inapoanguka ni fila, ule udongo wa kuzibia bati lililooza. Anza na pembe iliyo mbele ya gurudumu la nyuma, chini ya mlango, kisha matao ya magurudumu ya nyuma na sehemu ya chini ya fenda za mbele. Fungua boneti utazame sahani ya betri: asidi hutiririka kutoka pale hadi kwenye boriti iliyo chini yake, na mara nyingi sahani ikishapakwa rangi mpya boriti imebaki ungo. Funua zulia uikague sakafu upande wa dereva na wa abiria. Inua mlango wa nyuma uikague kingo ya chini ambapo mpira hukaa.

Sehemu ambayo wauzaji wengi hata hawaijui ni lile bonde lililo chini ya kioo cha mbele, ambamo hewa ya ndani huingilia. Majani huingia, huziba matundu ya maji, na bati huoza kwa ndani bila dalili yoyote juu. Mwaga maji kidogo pale uone yanatokea wapi. Yakitokea chini nyuma ya fenda, salama. Yakitokea miguuni mwa dereva, bei ishuke sana au uage vizuri uende zako.

Halafu lala chini. Boriti mbili zinazotoka mbele kupita chini ya sakafu ni za bati jembamba, na mafundi wa zamani walizoea kuweka jeki hapo. Zikiwa zimebonyea kidogo, si neno. Zikiwa zimepasuka au zimefunikwa kwa bati lililochomelewa juu ya kutu, hilo ni gari la mradi mkubwa, na linunuliwe kwa bei ya mradi.

Ukishalipata, kinga yake si ghali. Osha sehemu ya chini kwa maji baridi kila unaporudi kutoka Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, kwa sababu chumvi ya pwani haihitaji mvua ili ifanye kazi. Nyunyiza nta ya kuzuia kutu ndani ya vizingiti vya milango na boriti, na hakikisha matundu yote ya kutolea maji chini ya milango yako wazi. Lami nyeusi ya kupaka chini ninaiogopa: juu ya bati safi hufaa, juu ya kutu hufunika tu.

Gari lililolala: usiwashe bado

Wengi wakilipata gari lililokaa miaka, jambo la kwanza ni betri mpya na ufunguo. Subiri kidogo. Toa plagi zote sita, tia vijiko viwili vya oili nyepesi ndani ya kila silinda, uache usiku kucha. Asubuhi zungusha injini kwa mkono kwa spana kwenye nati ya puli ya krenki. Ikizunguka bila kukwama, umebahatika. Ikikwama, usiongeze nguvu ya bomba refu. Ongeza oili na siku.

Tangi la petroli lifunguliwe. Petroli ya zamani hugeuka gundi yenye harufu kali, na kutu ya tangi huziba chujio ndani ya dakika chache za kwanza. Likishushwa, lisafishwe, likaushwe, na mipira yote ya petroli ibadilishwe, pamoja na ile mifupi iliyo karibu na kabureta ambayo husahaulika.

Breki zisidharauliwe hata kidogo. Mwaga majimaji yote ya zamani. Kama yametoka ya kahawia, jua kwamba yamenyonya unyevu na ndani ya master silinda kuna vijitundu vya kutu. Kwa gari la umri huu nabadilisha vitu vyote vya mpira bila kujadili: mipira minne inayonyumbulika, seti ya mipira ya master silinda, na silinda za magurudumu ya nyuma. Jaza DOT 4 mpya, toa hewa ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi, na urudie kubadilisha kila baada ya miaka miwili. Jaribu kwanza uani, kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Na kama utaingia chini ya gari, liwekwe juu ya stendi imara. Jeki peke yake, au matofali, hapana.

Maji: hapa ndipo silinda hedi hufia

Huku kwetu kuna imani kwamba kimiminika cha rediata ni cha Wazungu wenye barafu. Kwa L24 imani hiyo ni ya gharama. Bloku ni chuma, hedi ni aluminiamu, na metali hizo mbili zikikaa ndani ya maji ya bomba au ya kisima, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Njia za maji kandokando ya gasketi huchimbika mpaka gasketi mpya haina pa kushika. Dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndani ya kimiminika hicho ndiyo tunayoinunua. Habari ya barafu tuiache.

Fanya hivi:

1. Mwaga maji yote, kwenye rediata na kwenye tundu la bloku.
2. Suuza kwa maji safi hadi yatoke bila rangi. Kama yanatoka mekundu mfululizo, peleka rediata kwa fundi aizibue mirija yake.
3. Weka themostati mpya ya nyuzi 82. Kuitoa themostati kabisa "ili gari lipoe" ni mazoea mabaya: injini haifiki joto lake, oili hujaa unyevu, na kabureta hutapika petroli.
4. Badilisha mipira ya maji, hata ile midogo ya hita iliyo karibu na ukuta wa injini. Ikipasuka hiyo, maji huisha sawa na ule mkubwa ukipasuka.
5. Weka kifuniko kipya cha rediata. Springi ikichoka, maji huchemka mapema kuliko yanavyopaswa, na Nairobi, ambapo hewa ni nyepesi, mapema zaidi.
6. Jaza mchanganyiko wa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa, pua ya gari ikiwa imeinuliwa kidogo ili hewa itoke.

Gari likichemsha barabarani, zima mara moja. Hedi ya aluminiamu hupinda kwa dakika, na ikipinda huenda kwenye mashine ya kusawazisha, ikirudi imepungua unene.

Tapeti

Sasa injini. Watu huruka tapeti, yaani kurekebisha nafasi ya valvu, kwa sababu hazisikiki. L24 yenye afya ina mlio wake mwepesi wa cherehani, na ikinyamaza kabisa ndipo uwe na wasiwasi, kwa maana nafasi imebana na valvu za ekzosi zinaungua polepole.

Injini ikiwa baridi, nafasi ni milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.25 kwa za kutoa. Ikiwa moto ni 0.25 na 0.30. Mimi hufanya baridi, asubuhi, kwa sababu hakuna anayeweza kufunga valvu kumi na mbili kabla injini haijapoa.

Toa kifuniko cha juu. Usikisie ipi ni ya kuingiza na ipi ya kutoa: fuata bomba. Manifoldi zote mbili ziko upande mmoja, na kila valvu imekaa mkabala na bomba lake. Zungusha krenki hadi nundu ya kemshafti ya valvu husika itazame juu, mbali na roka, ule mkono mfupi unaosukuma valvu. Ingiza bapa la kupimia kati ya nundu na roka. Lipite likikwaruza kidogo, kwa mvuto unaousikia vidoleni bila kulazimisha. Kama si hivyo, legeza nati ya kufungia kwa spana ya 17, zungusha kichwa cha tapeti kwa ya 14, halafu kaza nati huku ukikishikilia kichwa kisizunguke. Pima tena baada ya kukaza, kwa sababu nafasi huhama kidogo nati inapokaza. Subira iko hapo.

Kifuniko kikiwa bado wazi, tazama kile kibomba chembamba kinachopita juu ya kemshafti kikiwa na vitundu vya kunyunyiza oili. Viungo vyake hulegea kwa umri. Mwambie mwenzako awashe stata bila kuwasha moto, uone oili ikifika kwenye kila nundu. Nundu moja ikikosa oili, kemshafti hulika, na utajua baadaye sana.

Oili yenyewe: 20W-50 yenye zinki ya kutosha. Roka za L24 huteleza juu ya kemshafti, hazina roli, na oili nyingi za kisasa zimepunguziwa zinki kwa ajili ya katalisti ambazo gari hili halina. Chagua ile iliyoandikwa kwa magari ya zamani. Badilisha kila kilomita 5,000 au mara moja kwa mwaka, lolote litakalotangulia, pamoja na chujio.

Moto kabla ya petroli

Mafundi wazee wana usemi kwamba nusu ya matatizo ya kabureta yako ndani ya distributa. Nusu ni hesabu ndogo. Injini ikimisi, ikinguruma vibaya ikiwa imesimama, au ikirudisha moto kwenye kabureta, mtu huchukua bisibisi na kuanza kuzungusha nati za kabureta. Baada ya nusu saa hata alipoanzia hapajui.

Anza na plagi. NGK BP6ES ndiyo ya kawaida, pengo milimita 0.8 hadi 0.9. Zitoe zote uzipange kwa mpangilio wa silinda juu ya kitambaa, kwa sababu ndizo ripoti yako. Kahawia hafifu ni afya. Nyeusi yenye masizi makavu ni petroli nyingi. Nyeusi yenye kung'aa na unyevu ni oili inayopanda. Nyeupe kabisa ni hatari: petroli kidogo, joto jingi. Tazama pia kama tatu za mbele zinatofautiana na tatu za nyuma. Kila kabureta inalisha silinda tatu, na tofauti hiyo inakuambia ni ipi yenye tatizo kabla hujagusa chochote.

Kisha pointi, ile swichi ndogo ndani ya distributa inayokata umeme wa koili. Pengo ni milimita 0.45 hadi 0.55. Uso wa pointi ukiwa na kichuguu upande mmoja na shimo upande wa pili, kondensa imechoka. Badilisha vyote viwili. Tikisa shafti ya distributa kwa vidole: ikicheza kando, pengo haliwezi kukaa, na hakuna taimingi itakayosimama. Weka grisi kidogo mno kwenye nundu ya shafti ili ule mguu wa plastiki usilike.

Anayetaka kupumzika na pointi anaweza kuweka distributa ya elektroniki ya 280ZX, Z ya baadaye, ambayo inaingia kwenye L24 bila mashine. Ukiiweka, ile rezista iliyo karibu na koili lazima iondolewe kwenye mzunguko, la sivyo moto utakuwa dhaifu na utailaumu distributa bure.

Mpangilio wa moto ni 1-5-3-6-2-4, silinda ya kwanza ikiwa ni ya mbele karibu na rediata, na rota inazunguka kinyume cha saa.

Taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche, iwekwe mwisho, kwa sababu kila ukigusa pengo la pointi taimingi inahama. Chomoa mpira wa vakyumu uuzibe, unganisha taa ya taimingi, pandisha injini hadi mizunguko 3,000 kwa dakika na usome. Jumla ya nyuzi 32 hadi 34 kabla ya pistoni kufika kilele ni mahali salama kwa injini ya kawaida. Ukisikia mlio kama kokoto ndani ya bati ukipanda mlima kwa gia ya juu, punguza nyuzi mbili bila ubishi.

Kabureta mbili, pumzi moja

Sasa, na sasa tu, gusa kabureta.

Kwanza utosheke kwamba ni nzima. Toa kuba la juu la moja, pangusa ndani kwa kitambaa laini na kisafishi, usitumie msasa. Pistoni ya ndani inapaswa kuanguka kwa uzito wake na kugonga chini kwa mlio safi. Kuba na pistoni vya kabureta moja vilisuguliwa pamoja kiwandani. Ukivichanganya na vya pili havitakaa tena. Zifanye moja baada ya nyingine. Jaza oili nyepesi ya SAE 20 kwenye kikombe cha juu hadi alama ya kijiti. Bila oili hiyo gari hukohoa ukikanyaga aksileta ghafla, na watu wengi huendesha miaka bila kujua kikombe kiko wapi.

Nyunyiza kisafishi kidogo kwenye ncha za shafti ya aksileta injini ikiwa inanguruma. Mizunguko ikibadilika, hewa inaingia pale, na usawazishaji wote utakuwa kazi bure hadi bushi zibadilishwe.

Utaratibu ni huu, injini ikiwa imefikia joto lake kamili:

1. Pandisha nati ya mchanganyiko chini ya kila kabureta hadi mwisho, halafu ishushe mizunguko miwili na nusu. Hapo ni pa kuanzia tu. Kushusha ni kuongeza petroli.
2. Legeza kiungo kinachounganisha kabureta mbili ili kila moja isimame peke yake.
3. Pima mvuto wa hewa kwenye kila mdomo kwa kipimo cha hewa. Usipokuwa nacho, kipande cha mpira mwembamba, ncha moja sikioni na nyingine mdomoni mwa kabureta, kitakupa mvumo unaoweza kulinganisha. Rekebisha skrubu za mwendo hadi mivumo ilingane na injini izunguke karibu 750 kwa dakika.
4. Funga kiungo, pandisha hadi mizunguko 2,000 na upime tena. Watu husawazisha chini tu, halafu barabarani kabureta moja inatangulia nyingine.
5. Inua pistoni ya kabureta moja kwa milimita moja hivi kwa pini yake. Mizunguko ikipanda kidogo kisha ikarudi, mchanganyiko ni sawa. Ikipanda na kubaki juu, petroli ni nyingi. Injini ikitaka kuzima, ni kidogo. Geuza nati robo kwa robo, pande zote mbili sawa.
6. Endesha kilomita chache za kweli, zima ukiwa bado kwenye mwendo, tazama plagi.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya Japani na Marekani havilisemi kwa uzito unaotufaa sisi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ina msukumo pungufu kwa asilimia 18 hivi kuliko ya Mombasa. Kabureta za mtindo huu hujirekebisha kiasi, si kikamilifu. Gari lililowekwa vizuri Nairobi litashuka pwani likiwa na petroli pungufu, na joto la pwani linazidisha hatari. Kabla ya kuteremka, shusha kila nati robo hadi nusu mzunguko, andika umefanya nini kwenye karatasi ya sandukuni, na ukifika Voi usimame usome plagi mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma. Ukirudi, irudishe. Anayeishi Dar au Tanga na kupanda Arusha anafanya kinyume.

Kuna na lile tatizo la kukataa kuwaka baada ya kusimama kwa dakika kumi kwenye jua. Sababu ni muundo: kabureta zimekaa juu kabisa ya manifoldi ya ekzosi, na petroli huchemka ndani yake hewa ikisimama. Bati la kukinga joto kati yao liwepo. Mipira ya petroli isiguse hedi. Ukisimama, inua boneti dakika tano. Na ukiwasha gari moto, kanyaga aksileta nusu na uishikilie pale, usiipampu.

Umeme na harufu

Taa za mbele zinapitisha nguvu yote kwenye swichi iliyo usukanini na kwenye boksi la fyuzi ambalo huyeyuka kwa joto. Weka relei mbili. Kazi ni ya alasiri moja, taa zinang'aa zaidi, na swichi isiyopatikana tena inaokoka. Safisha pia kila nyaya ya ardhi. Zile za nyuma ndizo zinazofanya taa za breki ziwake kwa kupepesa.

Ukisikia harufu ya ekzosi ndani ya gari ukiwa mwendoni, usiizoee. Umbo la nyuma la Z hunyonya moshi kurudi ndani kupitia mpira wa mlango wa nyuma, gasketi za taa za nyuma na mipira ya tangi. Usiku weka tochi kali ndani, funga, zunguka nje: panapotoka mwanga ndipo panapoingia moshi. Hewa hiyo ina sumu isiyo na harufu pia, kwa hiyo ishughulikie kabla ya safari ndefu.

Chini ya gari

Gia boksi ijazwe oili ya gia ya daraja la GL-4. GL-5 hula metali za njano za sinkro. Difu ndiyo inayotaka GL-5. Gia ya pili ikikwaruza asubuhi, iache ipate joto, ipite polepole.

Bushi za mpira za miaka hamsini zimekuwa jiwe au uji. Kuzibadilisha mbele ni kazi nyepesi. Nyuma kuna pini mbili ndefu, moja kila upande, zinazopita kwenye mkono wa chini wa gurudumu, na zimejaa kutu tangu zitoke kiwandani. Hapo ndipo nyundo huleta kilio: ncha hupanuka, na pini haitoki tena upande wowote. Mimina dawa ya kulegeza kwa siku kadhaa, toa kwanza ile skrubu ndogo ya kufungia katikati, kisha upeleke mkono wote kwa fundi mwenye presi ya hydroliki. Wengine hukata pini kwa msumeno na kununua mpya, na sioni aibu yoyote hapo. Unaporudisha, pakaa grisi ya shaba kila mahali.

Tairi asilia zilikuwa 175 za rimu ya 14. Za 195/70 zinakaa vizuri. Soma tarehe ubavuni: tarakimu nne, wiki na mwaka. Tairi ya miaka kumi yenye meno mazima bado ni tairi ya kutupa.

Spea

Injini ya L16 iliyokuwa kwenye Datsun 1600 na 160J ina kipenyo na mwendo wa pistoni uleule wa L24, milimita 83 kwa 73.7. Ni L24 iliyopunguzwa silinda mbili. Ndiyo maana roka na vifaa vya tapeti vya 160J iliyokufa vinakufaa, na mafundi waliokesha na magari hayo wanaijua injini yako kuliko mwenye kompyuta. Watafute wangali hai. Mipira ya milango na bodi huagizwa Marekani, ambako gari hili liliuzwa kwa wingi kuliko mahali popote, na kuna maduka yanayoishi kwa hilo tu.

Usitupe kitu chochote asilia ulichokitoa, hata kama kimeharibika. Kipachike karatasi, kihifadhi.

Kuliendesha, na kulipeleka mbele ya watu

Gari hili huharibika likikaa. Liendeshe angalau kila wiki mbili, nusu saa au zaidi, hadi maji na oili vifike joto kamili na unyevu utoke kwenye ekzosi. Kuliwasha uani kwa dakika tano na kulizima ni kulimwagia maji ndani.

Kwa safari ndefu beba pointi na kondensa zilizokwisha kupangwa, rota, plagi mbili, mkanda wa feni, mpira mmoja wa maji wa juu, lita mbili za maji, bapa la kupimia, spana za 10 hadi 17, na waya. Hivyo vyote vinaingia kwenye kopo la rangi.

Ukitaka kulionyesha, Concours d'Elegance ya Nairobi, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri yanayofanyika Ngong Racecourse, ndiyo mahali penyewe. Waamuzi hupiga magoti kutazama chini ya gari, kwa hiyo anza maandalizi huko na umalizie na rangi. Boksi la fyuzi, kichwa cha plagi kilichopanguswa na mpira wa spea sandukuni vina alama zake. Ukitaka matope, mashindano ya East African Safari Classic yamekuwepo tangu 2003 kwa ajili ya magari ya enzi zile, na hata usiposhiriki unaweza kuifuata njia yao kwa Z yako siku moja nyuma, ambapo vumbi limetulia na wenyeji wa vijijini bado wako kando ya barabara wakitaka kujua wewe ulikuwa wa ngapi.